Korosho za Majivuni

Kuna watu nikiwaeleza jambo hili wananicheka. Wanasema, mama, siku ile ulikuwa na homa, au njaa ilikupanda kichwani. Basi nianze na hilo hilo. Homa sikuwa nayo. Nilikuwa nimetoka kuswali magharibi, udhu wangu mzima, kanga ya kuswalia bado iko kichwani. Na mimi si mtu wa kushika kila habari ya majini inayopita njiani. Nimelelewa chuo cha Kurani, na ukubwani nikaenda kisomo cha ngumbaro jioni kwa jioni mpaka nikaweza kusoma gazeti mwenyewe. Haya yalitokea Kilangala, uani kwangu, na wifi yangu Tatu aliyaona kwa macho yake. Yuko hai. Mpaka leo ukimtajia anachukua kanga yake anaondoka.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia kwenye korosho. Wenyeji wa huku mnaikumbuka. Zamani ukivuna unapeleka ghala la ushirika, unapimiwa, unarudi nyumbani mikono mitupu, unakaa kusubiri malipo. Mara tukaambiwa, uza kwa umtakaye. Wakaja wanunuzi na malori yao, huyu leo ana bei yake, yule kesho ana yake. Kila mtu akawa mjanja. Nani atake kuuza mapema halafu asikie jirani kauza ghali? Basi tukawa tunazirundika ndani. Magunia chumbani, magunia ukumbini, wengine wanatandika mkeka juu ya magunia wanalala. Na nyumba zetu mnazijua, miti na udongo, juu makuti. Taa yetu koroboi.

Wewe usiyeijua korosho nikwambie kitu. Ganda lake lina mafuta. Si ya kupikia, ni mafuta meusi, makali, yakikugusa yanakubabua ngozi inavuka. Sisi tunaozibangua, mikono yetu inajulikana. Ukitia korosho chache tu jikoni uzichome, moto unaruka juu mpaka wewe unarudi nyuma. Sasa fikiria magunia yamejaa chumba, na koroboi iko juu ya kigoda. Tulikuwa tunalala na moto ubavuni, tunasubiri bei.

Nyumba ya kwanza kuungua ilikuwa ya shoga yangu, Mama Rehema. Alikuwa ng'ambo ya kijia tu. Asubuhi alikuwa ananipigia kelele, "We shoga, umeamka au nikuletee jeneza?" na mimi namjibu, "Lete, nitakuzika wewe kwanza." Mzaha wetu huo. Simtanii mtu hivyo tena.

Jioni ile mumewe, Athumani, alikuwa shambani analinda muhogo usiliwe na nguruwe. Koroboi ikaangukia gunia. Niliposikia mayowe nikatoka mbio, nikamkuta Mama Rehema anatoka mlangoni na wanawe, Rehema anamvuta kwa mkono, Shabani mdogo kamkumbatia. Akanisukumia wote wawili kifuani. "Nishikie hawa," akasema. Akarudi ndani.

Akatoka anaburuta gunia moja. Nikapiga kelele, shoga, acha! Acha, jamani, yatosha! Akanitazama, uso wote masizi, akaniambia, "Na wanangu watakula nini?" Akarudi mara ya pili. Paa likashuka.

Sitasimulia yale tuliyoyaona tulipoweza kuingia. Na lile gunia alilolitoa liliungulia pale pale mlangoni, hakuna aliyekumbuka kulivuta. Watu walikuja na ndoo, lakini visima vyetu wakati wa kiangazi mnavijua, unachota tope. Athumani aliporudi alikuta hana mke, hana nyumba, hana mazao ya mwaka mzima. Jembe tu, alilokuwa nalo shambani. Alikaa chini kwenye mchanga, na tangu hapo kumtoa neno ikawa kazi. Watoto wakachukuliwa na baba yao mkubwa, mwisho wa kijiji kule, kama ilivyo desturi. Tukazika, tukasoma hitima, watu wakachanga unga na kanga, wakatawanyika. Malori yalikuwa yanaanza kuingia, kila mtu na roho juu.

Sasa ndipo likatokea jambo ambalo nadhani lingeweza kutokea kwetu tu.

Nyumba iliyojaa korosho ikiungua, si zote zinakuwa jivu. Zile za katikati ya rundo zinachomeka tu. Zinaiva. Ganda limekuwa mkaa, na ndani kokwa nyeupe, tamu, tayari kwa kubanguliwa. Na harufu yake ilikaa juu ya mtaa wetu siku nyingi. Unatoka uani unavuta pumzi, mate yanakujaa mdomoni, halafu unakumbuka harufu hiyo inatoka wapi. Mlishawahi kuona aibu ya mate yako mwenyewe?

Majivu yalipopoa, akaanza mmoja, akafuata wa pili. Nilipotoka nikakuta wanawake wamechuchumaa mle ndani na nyungo, wanapepeta majivu. Bakari naye yumo, ana gunia zima. Bakari huyu alikuwa kijana wetu, alikuwa ananunua korosho kwa bakuli mlango kwa mlango anawauzia wenye malori. Ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuezeka bati.

Nikasema, "Jamani, hii mali ina wenyewe."

"Mwenyewe nani?" Bakari akajibu. "Muulize moto. Moto umenibangulia bure, nikatae?"

Wakacheka. Nikasema, "Kuna watoto. Mali ya yatima hailiki, hata chuoni tulifundishwa."

Mama mmoja akaniambia, bila hata kuinua kichwa, "Ustadhati, ukimaliza hotuba shika ungo, zinakwisha."

Nikageuka nikarudi nyumbani. Ningewapiga?

Haukupita muda nyumba ya Bakari ikaungua. Ile ya bati. Na iliungua wakati jiko limeshazimwa na kumwagiwa maji, mkewe aliapa. Bati zilijikunja kama majani makavu. Cherehani ya mkewe, baiskeli, redio, magunia aliyokuwa ameyakusanya, godoro la sponji alilolinunua Lindi, vyote. Watu walitoka salama, alhamdulillahi, lakini Bakari alijaribu kuuvuta mlango wa stoo na ule mlango ulikuwa wa bati. Mkono wa kulia vidole vikagandana.

Tulikwenda kumjulia hali. Amelala kwa mama yake, mkono umefungwa, jasho linamtoka. Akanishika kwa mkono ule mzima, akasema, "Dada, alikuja jioni. Mwanamke. Akasimama mlangoni akauliza nitampa lini haki yake. Nikadhani ombaomba. Nikamwambia nenda kale jivu."

Mama yake akasema, "Homa hiyo, msimsikilize."

Wengine wakasema homa. Mimi nilirudi nyumbani naogopa.

Kwa nini niogope mimi, wakati sikuokota hata moja? Nitakwambia. Mama yangu mzazi nilikuwa naye ndani. Alikuwa amepooza upande wa kushoto, hasimami, hageuki bila kugeuzwa. Na chumba chake ndicho kilichokuwa kikavu kuliko vyote, kwa hiyo mume wangu alikuwa amejaza magunia humo humo, mpaka karibu na makuti, kimebaki kijia cha kupita mtu mmoja ubavu. Nilimwambia, "Baba Saidi, tuyatoe haya, mama yumo." Akasema, "Nitayatoa nikiyauza." Na akaondoka kwenda Lindi kusikiliza bei.

Basi nikawa silali. Nilijaza maji kila chombo chenye mdomo. Nilijaza mchanga kwenye debe. Mchana nilikuwa najaribu kumbeba mama kutoka kitandani mpaka mlangoni, nione naweza? Mama alikuwa anacheka, "Mwanangu, unanipeleka wapi, nina posa?" Nacheka naye, moyoni nahesabu, gunia hili likianguka njia imeziba. Watoto wangu nikawahamishia ukumbini, karibu na mlango. Koroboi nikaipiga marufuku. Tatu, wifi yangu, alikuwa anakaa kwetu, msichana mcheshi yule, akawa ananitania: "Wifi, hata kiberiti ukikiona unasoma dua. Tutakula mbichi mpaka lini?"

Lakini mboga alikuwa ananipikia nzuri siku zile, wallahi. Kisamvu cha korosho. Korosho zimetwangwa laini, zimeungwa, mama anakula mpaka analamba vidole, na mama alikuwa hataki kula kitu. Nikafurahi. Sikuuliza, nyumba imejaa korosho, utauliza korosho umetoa wapi?

Haya, nisikilizeni sasa.

Nimeswali magharibi, nimekwenda jikoni kusonga ugali. Jiko letu lilikuwa kibanda cha uani kilichoegeshwa ukutani mwa chumba cha mama, makuti yake yanagusana na makuti ya nyumba. Watoto walikuwa kwa jirani wanasoma juzuu. Tatu kaenda bafuni kuoga. Kisamvu kiko chini kimefunikwa. Nimeacha mlango wa mama wazi nimsikie.

"Hodi wenyewe."

"Karibu."

Akaingia mwanamke, kanga kajitanda mpaka usoni. Nikadhani mtu wa mashambani aliyechelewa njiani, wanapita sana. Akakaa chini, karibu na mafiga kuliko mgeni anavyokaa.

"Habari za hapa?"

"Njema, karibu. Karibu chakula."

Wewe ungesema nini? Mtu akikukuta jikoni unamkaribisha, ndivyo tulivyolelewa. Naye anatakiwa aseme ahsante, au nawe, au nimekula. Yule akasema:

"Mnakula nini?"

Nikashangaa, mgeni gani anauliza mboga? Nikamjibu, "Ugali na kisamvu."

"Kisamvu cha nini?"

"Cha korosho."

Hapo ndipo nikaona. Makaa yangu yalikuwa yameanza kuvaa jivu, maana ugali ulikuwa umeshaiva. Kila alipofungua mdomo, makaa yalikuwa yanawaka mekundu, kama mtu anayepepea. Akinyamaza yanafifia. Akisema yanawaka. Na upepo hakuna, hata jani. Nikatazama moshi. Moshi ulikuwa unamwendea yeye, unaingia kwenye kanga yake, na nyuma yake hautoki.

"Korosho za nani?" akauliza.

"Zetu," nikajibu.

"Za nani?"

Nikasema, "Wallahi zetu. Tumevuna wenyewe."

Niliapa kwa ukweli ninaoujua mimi, Mungu ndiye shahidi. Lakini nilipomaliza kile kiapo, ule moto ulisimama. Ulisimama wima, bila kuni, ukagusa chini ya makuti, ukarudi. Akaondoa kanga usoni. Sitakwambia uso ulikuwaje, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutisha. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ulikuwa uso wa shoga yangu, kama nilivyouona mlangoni siku ile, na masizi yake.

"Shoga," akasema, "nilikwambia unishikie hawa. Uliwaweka wapi?"

Nikasema, "Kwa baba yao mkubwa. Ndiyo desturi, shoga."

"Wanalala hawajala," akasema. "Kijiji kizima kinatafuna, wanangu wanalala hawajala."

Na kutoka ndani nikamsikia mama yangu, "Mwanangu, mbona huku juu kuna joto?"

Nikainua macho. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la chumba cha mama. Si upande wa jikoni ambako moto uligusa. Katikati, juu ya kitanda chake hasa, unapenya kwenye makuti polepole kama mvuke wa chungu. Niliruka nikaingia. Nilimshika mama chini ya makwapa nikamvuta, na yale mazoezi yangu yote ya mchana hayakunisaidia kitu, mama mzito, nikagonga gunia, likaanguka mbele yetu likaziba kijia. Kumpitisha siwezi. Juu naona doa jekundu linapanuka kwenye makuti, ukubwa wa kisahani, ukubwa wa sahani, na cheche zinaanza kudondoka kwenye magunia. Nilipiga shahada. Mama akanishika shingo, akasema, "Niache, una watoto." Nikamwambia, "Mama, nyamaza."

Nikaita, "Tatuuu! Maji!"

Tatu akaja mbio na kanga moja, maji yanamchuruzika, akafika uani akamwona aliyekaa jikoni. Nilimwona kupitia mlangoni. Alisimama kama mti. Halafu hakushika ndoo, jamani. Aliingia chumbani, akapanda juu ya lile gunia lililoanguka, akajitupa chini ya kitanda cha mama, akatoka na kapu.

"Wifi, ni hizi! Ni hizi! Nilizitoa kule!"

"Kule wapi?"

"Majivuni! Nilikuwa namtwangia mama, alikuwa hali kitu, nikaona zimeiva, wifi nisamehe—"

"Mpe mwenyewe!"

Akatoka nalo akalimwaga miguuni pa yule mwanamke, akaanguka kifudifudi. Na mimi niko ndani na mama shingoni, cheche zinadondoka, nazizima kwa kiganja. Yule mwanamke akaanza kuokota. Moja moja. Wewe paa linaungua, na mtu anaokota moja moja, anaipangusa jivu, anaitia kwenye pindo la kanga. Nilitaka kumfokea fanya haraka. Sikuthubutu. Kila alipookota, lile doa jekundu juu lilikuwa linasita kidogo.

Alipomaliza, akatazama chungu cha kisamvu.

"Na zilizoliwa?"

Tatu analia tu. Mama yangu, ambaye alikuwa anakula bila kujua na sasa ameshajua, naye analia. Nikajibu mimi, nikiwa kule kule chumbani, nimembeba mama.

"Shoga, zilizoliwa haziwezi kurudi. Lakini wanao watakula kwangu. Watakula kabla ya watoto wangu, kutoka usiku huu. Nikivunja, njoo."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anapima, kama tulivyokuwa tukipimana sokoni tukiambiana bei. Halafu akasema neno moja tu, "Haya."

Na moto ukafa. Siyo ulififia. Ulikufa. Makaa yakawa meusi kwa mara moja. Tatu aliyekuwa karibu alitia mkono kwenye mafiga, majivu yalikuwa ya baridi kama ya juzi, na ugali wa kwenye sufuria umepoa. Juu ya kitanda cha mama likabaki tundu kwenye makuti, ukubwa wa sinia, kingo zake nyeusi, unaona nyota. Mwanamke hayupo. Lango la ua limefungwa kama lilivyokuwa.

Nilimlaza mama ukumbini, nikamwaga kile kisamvu, nikachukua kandili. Nikamwambia Tatu, twende.

"Wapi, wifi? Mimi siendi nje!"

"Basi baki naye jikoni." Akanifuata.

Tulipofika kwa baba mkubwa, Rehema alikuwa amekaa nje, kwenye kona ya nyumba, kambeba mdogo wake mgongoni. Mwenyewe bado mtoto, kafunga kanga tumboni kakaza kama mtu mzima mwenye msiba. Nikasema moyoni, huyu kaambiwa.

"Rehema, nani kakwambia nakuja?"

Akanitazama hanielewi. "Shikamoo, mama. Hakuna aliyeniambia."

"Sasa hapa nje unafanya nini?"

"Nasikia harufu," akasema. "Za majiko ya watu."

Hapo nililia ambavyo sikulia msibani. Baba mkubwa wao si mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na wake wawili na kundi la watoto, na sinia ikiwekwa chini mwenye mkono mrefu ndiye anayeshiba. Nilimwambia nawachukua. Hakunibishia. Athumani alikuwa amekaa gizani ukumbini, akanyanyua kichwa akasema, "Ahsante, shemeji." Ndiyo maneno mengi aliyoyasema mwezi ule. Baadaye alikwenda Njinjo kwa mjomba wake kulima, anawaletea wanawe mtama na ufuta kila akipata.

Mume wangu aliporudi kutoka Lindi alikuta watoto wameongezeka na paa lina tundu. Akasema, "Cheche imeruka jikoni."

"Cheche gani inaanzia juu ya kitanda?" nikamuuliza.

Alipanda juu ya magunia, akaingiza mkono kwenye lile tundu, akalipapasa kwa muda. Kesho yake akauza korosho zote kwa lori la kwanza lililopita, kwa bei ile ile aliyokuwa anaitukana. Nyumba ikawa tupu. Nililala kwa mara ya kwanza.

Tatu hakuweza kuficha, alisema kila kisimani. Na sasa sikiliza. Asubuhi moja nafungua mlango nikakuta kikapu cha korosho za kuchoma. Hakuna mwenyewe. Kesho yake ungo. Kisha bakuli, kisha kifuko cha nailoni. Waliokwishazila wakaleta mbichi, wengine waliweka mchele, mmoja aliweka kuku amefungwa miguu. Hakuna aliyebisha hodi. Hata yule mama aliyeniambia nishike ungo, nilimwona kwa mgongo akikimbia. Bakari ndiye peke yake aliyekuja mchana, mkono umefungwa kitambaa, mkewe kabeba gunia kichwani. Akasema, "Dada, nimeleta haki ya watu." Nikamkaribisha kahawa, hakukaa. Siku hizi yuko Lindi anauza kahawa karibu na stendi, anamimina kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia haukufunguka tena. Nyumba ya bati hakujenga ya pili.

Mama yangu alifariki baadaye kwa amri ya Mungu, kitandani kwake, si kwa moto. Lakini korosho hakutia tena mdomoni. Alisema kila akitafuna anasikia jivu.

Na mimi? Rehema ni msichana mkubwa sasa. Shabani anacheza mpira, mtundu, hasikii la mwadhini. Ahadi yangu naitimiza. Chakula kikiiva, sahani zao ndizo za kwanza. Wanangu wa kuzaa walinung'unika, wakazoea. Lakini siku Shabani akichelewa, giza limeingia na hajala, siwezi kuzima jiko langu. Namwaga maji, makaa yanalia shhh, yanakuwa meusi. Nageuka kidogo, yamewaka. Namwaga tena, yanawaka tena, mekundu, yanapumua, hakuna upepo. Basi nakaa nayo. Nakaa kwenye kigoda na ndoo ya maji miguuni, naangalia makuti juu, nasoma ninachokijua, masikio yako njiani. Mpaka nisikie, "Mama, nimerudi, kuna nini?" Nampakulia. Akitia tonge la kwanza, moto unazimika wenyewe.

Sijamwambia. Nyinyi mkimwona msimwambie, mwacheni acheze mpira wake.

Ila wewe unayenisikiliza nakuusia. Ukiona nyumba ya mwenzio inaungua, usisimame kutazama kitakachobaki. Beba maji. Ukikosa maji, beba mtoto wa watu, na ukishambeba jua umembeba. Kilichomo majivuni kiache kilale. Mwenyewe anaweza kuwa bado anakihesabu.